Kalemie, Bandari Kwenye Mlango wa Ziwa

Kakontwe hakuna ziwa. Kuna mawe. Kila mtoto wa Kakontwe amekwisha kuona mawe ya kijivu yakivunjwa na kupakiwa. Mawe hayo yakichomwa katika tanuru hutoa chokaa, na viwanda vya Likasi vimeitumia tangu zamani katika kazi ya shaba. Wataalamu wa mawe wanalijua jina la Kakontwe hata katika nchi za mbali, maana tabaka zima la mawe ya namna hiyo, katika Katanga na Zambia, limepewa jina hilo. Nao wanasema kwamba mawe hayo yalifanyika chini ya bahari, mamia ya mamilioni ya miaka kabla mtu wa kwanza hajatembea duniani. Basi mahali palipo Kakontwe leo palikuwa maji. Maji yakaondoka.

Habari hiyo ni ya kale mno, haimnyimi mtu usingizi. Lakini iko habari nyingine ya maji yanayopanda na kushuka, nayo hufika Likasi ndani ya gunia.

Mtoto mmoja wa Kakontwe alitumwa sokoni na mama yake kununua ndakala. Alirudi na ndakala wachache, fedha zote zimekwisha. Mjomba wake alikuwa amekaa kivulini. Zamani alifanya kazi ya reli huko Kalemie.

«Mjomba, mbona bei ya ndakala imepanda?»

«Maji yamejaa Kalemie, mpwa wangu.»

Mtoto akacheka. «Maji yakijaa, samaki si watakuwa wengi?»

«Samaki wamo ziwani. Ila ndakala huanikwa juu ya mchanga, na mchanga umefunikwa na maji. Utawaanika wapi? Tena gunia hupita bandarini kabla ya kupanda gari la moshi. Bandari ikilowa, Likasi inakula bukari na majani matupu.»

Mjomba alisema kweli. Ndakala wa Ziwa Tanganyika husafiri mbali. Hutoka Kalemie kwa reli mpaka Kabalo, kwenye mto Lualaba. Kisha Kamina, kisha Bukama na Tenke, ndipo Likasi. Mahali pamoja pakiharibika katika njia hiyo ndefu, jikoni Kakontwe panajulikana.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi. Kina chake ni mita 1,470, na katika dunia yote ni ziwa Baikal peke yake, huko Urusi, linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinakaa kando yake: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mito mingi inaingia ndani, kama Ruzizi unaotoka ziwa Kivu, na Malagarasi unaopita Tanzania. Mto unaotoka ni mmoja tu. Jina lake ni Lukuga, nao unatoka karibu kabisa na mji wa Kalemie, unakwenda magharibi mpaka kuungana na Lualaba. Kwa hiyo Kalemie ni bandari, tena ni mlango. Maji mengi ya ziwa hupanda hewani kwa joto la jua. Yanayobaki hayana njia nyingine ya kutokea.

Kusudi jambo hili lieleweke, chukueni beseni la zamani lililotoboka karibu na ukingo. Liwekeni nje, mahali palipo sawa, mkamimine maji polepole. Maji yakiwa chini ya tundu, hakuna kinachotoka. Yakifika kwenye tundu, yanaanza kutoka kidogo. Sasa zibeni tundu kwa udongo na majani, mkamimine tena. Maji yanapanda juu ya tundu, na beseni linaonekana kana kwamba halikutoboka kamwe. Endeleeni kumimina. Mara udongo unalegea, maji yanatoka kwa nguvu, yanachukua tope na majani pamoja nayo, na beseni linapungua upesi.

Jambo hilo hilo limepata kutokea ziwani. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika mahali Lukuga unapotokea, akakuta majani yameota na kuziba njia. Mwaka 1876 Stanley alifika naye, akaona tope na mafunjo, wala maji hayakwenda. Katika miaka ile ziwa lilikuwa likipanda na kula ufuko wake. Kisha, karibu na mwaka 1878, kizibo kikavunjika. Hore, mtu wa misheni ya Waingereza, alipofika Lukuga mwaka 1879 alikuta mto wenye nguvu unaokimbia kuelekea magharibi. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka yapata mita 10. Mita 10 ni kimo cha nyumba yenye ghorofa tatu.

Mwaka huo huo wa 1879 Wabelgiji walijenga boma Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa. Walilijenga karibu na maji, ili vyombo vifike mlangoni. Hawakuwa wajinga wala wavivu. Walitazama, wakaona maji yapo, wakajenga. Lakini walitazama siku moja tu katika maisha marefu ya ziwa. Haikupita miaka mingi, maji yakawaacha. Boma likabaki nchi kavu, na ufuko ukawa mbali. Laiti wangewauliza vizuri wazee wa pwani, labda wangejenga vingine.

Mji wa Kalemie wenyewe, ulioitwa zamani Albertville, ulianza mwaka 1891 kama boma la kupigana na wafanya biashara ya watumwa. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwani, ndipo bandari ikapata kazi kubwa. Mwaka 1956 reli ya Kabalo ikaunganishwa na ile ya Kamina, na Katanga ya kusini ikashikana na ziwa kwa chuma.

Haikupita miaka 10, ziwa likaamka. Mwisho wa mwaka 1961 mvua kubwa sana zilianza katika Afrika ya Mashariki, zikaendelea mwaka kwa mwaka. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda, na mwaka 1964 likafika juu kuliko mwaka mwingine wowote wa karne ya 20. Baadaye likashuka polepole. Vijana walizaliwa, wakaoa, wakajenga kando ya maji, hawakuona kosa, kwa maana wao hawakuwapo mwaka 1964. Katika miaka ya baada ya 2000 ziwa lilikuwa chini, hata watu wakalalamika kwamba linakauka. Bandari nyingine zikawa na kina kifupi, na mashua zikagusa mchanga.

Kisha mvua za mwisho wa mwaka 2019. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa na joto kupita desturi, na mawingu yakawa mazito. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katika mji wa Uvira, ukaua watu wengi na kuvunja nyumba nyingi. Ziwa likaendelea kupanda. Katika Bujumbura, Uvira na Kalemie maji yaliingia ndani ya nyumba za pwani, na watu wakahama na magodoro vichwani. Mwaka 2024 ziwa lilikaribia sana alama ya mwaka 1964.

Kwa nini? Hapa ifaa kusema kweli yote. Si kila mvua kubwa inaletwa na moshi wa viwanda. Mwaka 1878 hapakuwa na motokaa hata moja katika pwani ya Tanganyika, na ziwa lilipanda hivyo hivyo. Ziwa hili lina tabia yake tangu zamani. Lakini watu wa leo wameongeza jambo jipya. Wamechoma makaa ya mawe, petroli na gesi kwa miaka 200 hivi, na hewa ya dunia imepata joto. Hata Kalemie makaa ya mawe yalichimbwa, karibu na Lukuga, ingawa ni kidogo sana mbele ya yale ya Ulaya, Marekani na China. Hewa yenye joto huchukua mvuke mwingi zaidi: joto likiongezeka digri 1, mvuke huweza kuongezeka kwa sehemu 7 katika 100. Basi mvua ikianguka, inaanguka na mzigo mkubwa. Na jua likiwaka, linanyonya maji kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo bandari itazamie mambo mawili, maji ya juu sana na maji ya chini sana. Anayejitayarisha kwa moja tu amefanya nusu ya kazi.

Kazi ya kwanza ni ndogo, tena ni rahisi kuliko zote: ni kijiti cha kupimia. Ubao au chuma chenye alama za sentimeta husimamishwa majini, na kila asubuhi mtu mmoja husoma alama na kuiandika daftarini. Siku hizi satelaiti nazo hupima kimo cha maziwa kutoka juu angani, tangu miaka ya 1990. Ni msaada mkubwa. Lakini satelaiti haiwezi kumwambia mpagazi wa Kalemie kwamba kesho asiache magunia chini. Mtu mwenye daftari anaweza. Katika mwaka wa kawaida ziwa hupanda mpaka mwezi wa Aprili au Mei, kisha hushuka mpaka Oktoba au Novemba. Msomaji wa kijiti akiona mwezi wa Januari kwamba maji yamekwisha kufika alama ya Mei, ana miezi mitatu au minne ya kuonya watu. Ziwa haliji kama mto wa mlimani. Linakuja polepole, kama mdaiwa anayelipa franka moja moja, na kwa sababu hiyo watu hulidharau.

Liko jambo lingine ambalo wageni hawalifahamu. Ziwa likiwa limejaa mwezi wa Mei, ndipo upepo wa kiangazi kutoka kusini mashariki unapoanza. Maji ya juu na mawimbi makubwa hukutana. Ukuta uliovumilia maji yaliyotulia mwezi wa Aprili unapigwa mwezi wa Juni, na mawe yake yanang'oka moja moja. Basi wajenzi hupanga mawe makubwa mbele ya ukuta ili kuvunja nguvu ya wimbi, au hujaza mawe katika vikapu vya waya na kuvipanga kama ngazi. Mtoto wa Kakontwe angeifahamu kazi hiyo mara moja. Jiwe dogo huchukuliwa na maji. Jiwe kubwa lenye pembe hushika lenzake.

Lakini ukuta wenyewe ujengwe kwa kimo gani? Mtu atasema: juu sana, ili maji yasifike kamwe. Sasa fikirini mpagazi mwenye gunia la kilo 50 begani. Mwaka wa maji ya chini mashua iko mita 3 chini ya miguu yake. Atashukaje? Ataruka? Na ukuta ukiwa wa chini, mwaka wa maji mengi forodha na ghala vinaogelea. Hapa ndipo akili inapohitajiwa. Njia moja ni kujenga gati lenye vidato viwili au vitatu, ili kila kimo cha maji kiwe na mahali pake pa kushukia. Njia nyingine ni gati linaloelea. Ni jukwaa lililofungwa juu ya matangi matupu, limeunganishwa na nchi kavu kwa daraja lenye bawaba kama mlango. Ziwa likipanda, jukwaa linapanda, likishuka, linashuka. Linafaa mashua za mbao na abiria. Halifai behewa la reli wala mtambo mzito wa kuinulia mizigo, nao unataka ukuta wa kweli. Bandari yenye busara huwa na vyote viwili.

Ng'ambo huko Karema bandari mpya ilikamilika mwaka 2022, na imewekewa ukuta wa kuvunja mawimbi. Kumbe mahali pale pale ambapo maji yaliwakimbia Wabelgiji wa 1879.

Mchanga ni adui mwingine. Vilima vikikatwa miti kwa makaa, mvua huchukua udongo mpaka mtoni, mto huuleta ziwani, na bandari hujaa kutoka chini. Mashine ya kuchota mchanga ni ya bei kubwa, na mwaka unaofuata mchanga umerudi. Mwenye kupanda miti juu ya kilima anafanya kazi ya bandari, ingawa hakuna anayemwita mtu wa bandari.

Tena kuna watu. Kila akinena habari ya mafuriko, mtu wa ofisini husema: «Wale wa pwani waondoke.» Ni neno jepesi mdomoni. Mpagazi hulipwa kwa mzigo. Akikaa mbali, mashua ya alfajiri imekwisha kupakuliwa na wengine. Mama anayeanika ndakala lazima awe karibu, awageuze kabla ya mvua, awalinde na mbwa na wezi. Kwa hiyo kuchora mstari wa maji ya 1964 na 2024, na kusema kwamba hapana mtu kulala wala kuweka petroli chini ya mstari huo, ni vyema, tena ni lazima. Lakini mstari peke yake haumpi mtu nyumba. Juu ya mstari pawe na viwanja vyenye bei ya mpagazi, njia ya kushukia kazini, na meza za waya za kuanikia samaki mahali ambapo wimbi halifiki.

Na pawe na maji safi. Kalemie ni mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara. Maji ya ziwa yakiingia vyooni na visimani, ugonjwa hutoka pamoja nayo, na mtu anayeteka ndoo pwani anateka kifo. Bomba moja la maji ya kunywa bandarini, lililowekwa juu ya mstari, laweza kuokoa watu kuliko ukuta mrefu. Tena mgonjwa mmoja akipanda gari la moshi, ugonjwa unaweza kushuka naye Kabalo.

Limebaki swali la mlango. Wakati wa serikali ya Wabelgiji banio lilijengwa katika mto Lukuga, ili kuyazuia maji ya ziwa, baadaye likabomoka. Miaka ya maji ya chini watu wa Tanzania walitaka banio lijengwe tena, ili ziwa lisikimbie. Miaka ya mafuriko watu wa Burundi walitaka Lukuga usafishwe, ili maji yatoke upesi. Wote wana haki, na wanataka mambo yanayopingana. Kalemie imekaa katikati. Mlango ukifungwa, Bujumbura na Uvira zinalowa. Ukifunguliwa sana, maji yanakwenda kwa nguvu katika bonde la Lukuga, na reli ya Kabalo inapita katika bonde hilo hilo. Waweza kuokoa bandari na kupoteza reli, na ndakala wasifike Likasi vilevile.

Kwa hiyo mji mmoja hauwezi kushika ufunguo huo peke yake. Mwaka 2003 nchi nne zilitia sahihi mapatano juu ya ziwa, huko Dar es Salaam, na baadaye Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa Bujumbura. Mapatano ni karatasi, lakini ni afadhali watu wanne wagombane mezani kuliko kila mmoja achimbe au azibe usiku. Nao wakikaa mezani, jambo la kwanza watakalouliza ni moja: mwaka fulani, siku fulani, maji yalikuwa kwenye alama gani? Jibu limo katika daftari la yule mtu wa asubuhi, au halimo.

Mtoto wa Kakontwe alimwuliza mjomba wake kama huko Kalemie alipata kukiona kijiti hicho.

«Nilikiona,» akajibu. «Nilipita mbele yake kila siku miaka mingi. Sikupata kukisoma hata mara moja.»

Kesho yake mtoto alikata ufito mnyoofu, akautia alama kwa kisu, kila sentimeta tano. Akaenda nao mpaka kijito kilicho nyuma ya nyumba, akausimamisha kati ya mawe mawili.

MAULIZO. Kwa nini Kalemie inaitwa mlango wa ziwa? Elezeni yaliyotokea Lukuga tangu mwaka 1874 mpaka 1879, na mwonyeshe kwa beseni. Wajenzi wa boma la Karema walikosa kuuliza nini? Gati lina kimo cha mita 2 na sentimeta 50 juu ya maji mwezi wa Novemba. Ziwa likipanda sentimeta 80 mpaka Mei, na mwaka unaofuata likiwa limezidi kwa mita 1 na sentimeta 20, gati litabaki na kimo gani? Mngekuwa ninyi wakubwa wa mji, mngeanza na ukuta, bomba la maji, au viwanja vya wapagazi? Toeni sababu.